Sura ya Saba: Gari Dogo la Mbio kwenye Njia ya Tembo

Makao makuu ya Wilaya ya Kasese yako Rukoki, kaskazini kidogo ya mji wa Kasese, lakini si kila anayefanya kazi huko analala huko. Kuna wanaolala mjini, kuna wanaolala Hima, na kuna wale ambao kwa sababu ya shamba la kahawa, au mke mwenye duka mpakani, au mama mzee aliyekataa katakata kuhama, hulala Bwera. Sura hii ni ya hao wa Bwera. Alfajiri huteremka kutoka vilima vya mpakani, hupita Kisinga na Kinyamaseke, hufika njia panda ya Kikorongo, hukata kushoto, hupita Muhokya, huuvuka mji wa Kasese na kuingia Rukoki kabla ya saa mbili. Ni kilomita zaidi ya 50 kwenda na zile zile kurudi, nyingi zikiwa za lami, na kipande kizuri kinapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth au pembezoni mwake.

Kwa safari ya namna hii mtu mwenye hesabu zake hupanda taksi, ile Hiace ambayo Nairobi huitwa matatu, au hujibana mpaka anunue Premio. Tupo wachache tuliotoka nyumbani tukitafuta gari la kawaida tukarudi na Vitz RS.

Vitz, kote Afrika Mashariki, ni utani kabla ya kuwa gari. Nairobi inachekwa kila kona; Kampala ni gari la binti aliyepata kazi benki juzi. Toyota waliitoa mwaka 1999, na iliyojaa katika barabara zetu ni ile ya injini ya lita 1, isiyodai kitu ila mafuta kidogo na pa kuegesha padogo. RS ina sura hiyo hiyo, ila ndani ni habari nyingine. Ile ya toleo la pili, iliyouzwa Japani kati ya 2005 na 2010, ina injini ya cc 1,496 yenye nguvu za farasi 110, gia tano za mkono, breki za diski kwenye magurudumu yote manne, springi ngumu na matairi mapana, na uzito wake ni tani moja na kidogo. Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976, gari lililowaonyesha Wazungu kwamba kigari chenye mlango mgongoni kinaweza kuliaibisha gari kubwa, lilikuwa na farasi hao hao 110. Jina la Vitz lenyewe limekufa kwao Japani: tangu 2020 hata huko wanaiita Yaris, kama ilivyokuwa ikiitwa Ulaya siku zote. Na ni Yaris ya mashindano iliyoshinda Safari Rally ya Naivasha kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Mwaka 2022, na tena 2023, Yaris zilibeba nafasi zote nne za kwanza. Mkenya anayeicheka Vitz mjini Jumatatu ndiye aliyekula vumbi Naivasha Jumapili akimshangilia ndugu wa Vitz hiyo.

Marafiki wa Kampala watakuuliza kwa nini hukuchukua Starlet Glanza, yenye turbo na farasi 135, au Swift Sport. Ni magari matamu, sibishi. Lakini yote mawili yanataka petroli ya daraja la juu, na Glanza ya mwisho ilitengenezwa mwaka 1999, kwa hiyo unanunua pia matengenezo ya wote waliokutangulia. RS inakunywa petroli ya kawaida. Injini yake, 1NZ, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika Raum, Spacio, Probox na Corolla nyingi za cc 1,500, maana yake ni kwamba plagi, pampu ya maji, koili na filta zake ziko katika kila duka la spea mjini Kasese, na kisichokuwepo kinapatikana Kisekka, Kampala, kikaja na basi la usiku kimefungwa kwenye boksi la sabuni. Tena inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, kwa hiyo hakuna siku ya kukumbushwa kwamba mkanda umefika mwisho wake. Kwa mtu aliye kilomita mia nne kutoka soko kubwa la spea, hili lina uzito kuliko farasi 25 za turbo.

Na hao farasi wenyewe wasikutie wazimu. Kasese iko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 8 au 9, achilia mbali joto la bondeni ambalo huipunguza zaidi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa inayoikuta. Kwa hiyo farasi kumi hivi kati ya wale 110 walibaki bandarini Mombasa gari lilipopakuliwa. Juu ya hapo, sheria inakupa kilomita 100 kwa saa kwenye lami nje ya miji, na 50 au chini yake ukiingia penye watu, na Vitz ya lita 1 inafika 100 vizuri tu, ingawa kwa manung'uniko. Aliyenunua RS ili awahi kufika Rukoki amelipia kitu ambacho barabara haimpi.

Alicholipia hasa ni breki na gia ya tatu. Nitaeleza.

Uganda inatumia saa moja na Kenya, ilhali sisi tuko mbali magharibi, karibu na mstari wa longitudo 30. Jua huku huchomoza karibu saa moja asubuhi. Anayetaka kusaini daftari la mahudhurio Rukoki saa mbili huanza safari gizani, na giza la kati ya Kinyamaseke na Muhokya lina wenyewe. Kuna kob, yule swala wa nembo ya taifa, anayesimama katikati ya lami akikutazama hadi uamue wewe. Kuna ngiri anayevuka salama, akafika ng'ambo, halafu akakumbuka kitu na kurudi. Kuna fisi. Na kuna tembo, ambaye gizani rangi yake na rangi ya usiku ni moja. Kinachoonekana kwanza ni miguu, halafu unashangaa miti imetoka wapi. Ukiwa kwenye 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde, na sekunde ya kwanza yote inaliwa na mshangao. Hapo ndipo diski nne na matairi mapana yanapojilipa. Pedali ni ngumu na haikudanganyi, pua haizami kama ya gari lenye springi laini, mkia haupepesuki, gari linasimama limenyooka katika mstari wake. Toyota waliweka breki hizo ili kijana wa Japani acheze kwenye kona za milimani. Mimi nazitumia kwa ajili ya ngiri.

Gia ya tatu ni habari ya malori. Barabara ya Mpondwe inalisha nusu ya Kongo ya mashariki: saruji ya Hima, matenki ya mafuta, unga, magodoro, vyote vikielekea daraja la Lhubiriha, kisha Kasindi, Beni na Butembo. Jioni ukirudi Bwera unayakuta yamejipanga, yakipanda vilima kwa mwendo wa mtu aliyebeba jeneza. Dereva wa Vitz ndogo hukaa nyuma ya lori la saruji akivuta moshi hadi Kisinga, au hujitosa kupita na kubaki upande usio wake muda mrefu kuliko inavyofaa. RS unaishusha hadi tatu, unaiacha injini ipande mpaka mizunguko elfu tano ambako ndiko inakoishi, na jambo linakwisha haraka. Muda unaokaa upande wa kulia wa barabara ndio unaoua watu, na RS inaupunguza. Sijui namna bora ya kuitetea mbele ya mke.

Kuna jua pia. Bwera hadi Kikorongo ni mwendo wa kuelekea mashariki, na safari ya asubuhi inakutana na jua likitoka. Jioni unarudi magharibi na jua linazama mbele ya pua yako. Hao wa Bwera wanaendesha wakilitazama jua usoni mara mbili kwa siku, jambo ambalo aliyepanga ofisi kuwa Rukoki hakuliwaza. RS ina kioo cha mbele kilicholala na dashibodi ndefu, na kila mkwaruzo wa wiper juu ya vumbi kavu unawaka saa hiyo kama uzi wa dhahabu. Badilisha mipira ya wiper kabla haijalia, na kioo kifutwe kwa ndani pia, maana ukungu wa plastiki ya dashibodi iliyopigwa na joto la Kasese hujipaka humo bila kuonekana hadi jua likupige.

Sasa upande wa hasara, nao si mdogo. Kati ya tumbo la RS na ardhi kuna chini ya sentimita 15. Matuta ya barabara zetu yalijengwa na watu waliokuwa wakiwafikiria watoto wa shule, nao walikuwa sahihi, lakini hawakuwa na kipimo kimoja. Kuna la Bwera ambalo ni la kiungwana na kuna mengine yaliyojengwa kwa hasira. Nikiwa peke yangu napita yote kawaida. Nikiwa na watu wanne nalikabili tuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, klachi nusu, na abiria wa nyuma bila kuambiwa wanashika vishikizo vya juu na kujiinua kidogo kwenye kiti ili kulipunguzia gari uzito. Hakuna aliyewahi kulicheka tendo hilo. Kisha husikika ule mkwaruzo mfupi wa bomba la moshi, na mmoja wao husema, “Pole, Mwalimu,” ingawa niliacha chaki zamani.

Tairi ndilo linalolia zaidi. RS ilikuja na tairi za 195/50 kwenye rimu za inchi 16. Namba hizo maana yake ni kwamba ukuta wa mpira kati ya rimu na barabara una sentimita 9 na robo tatu. Shimo moja lenye ncha kali pembeni ya lami, na lami yetu kingo zake zimeliwa na mvua na malori, linaubana mpira kati ya jiwe na chuma hadi nyuzi za ndani zinakatika. Haipasuki hapo hapo. Baada ya siku mbili unaona uvimbe ubavuni, laini ukiugusa, saizi ya nusu ya limau, na tairi hiyo tayari ni marehemu hata kama kashata zake ni mpya. Dawa yake ni kutafuta rimu za inchi 15 zinazopita kwenye breki, na kuvaa 185/60. Kipenyo cha gurudumu kizima hubaki karibu sawa, kwa hiyo geji ya spidi haidanganyi, lakini unapata zaidi ya sentimita moja ya mpira. Gari linapoteza sura ya kiwandani na kona za Kisinga linazipiga kwa ulegevu kidogo. Wapenda magari wa mjini watakusikitikia. Waache.

Fundi wangu ni Masereka. Wakonzo humpa jina hilo mvulana wa tatu wa mama, kwa hiyo nikilitaja Kasese nzima sijamtaja mtu. Yeye halianzi gari kwa kusikiliza injini. Hulala chali chini yake, hushika kila buchi ya mikono ya mbele kwa kidole gumba na kulisukuma gurudumu kwa mguu, macho amefumba. Springi ngumu, kwa maelezo yake, hazili barabara. Huipeleka juu, na kitu cha kwanza inachokutana nacho ni buchi, kisha vishikio vya shokabu, kisha mgongo wa dereva. “Hii injini itakuzika, Mwalimu,” aliwahi kuniambia akijifuta grisi. “Lakini miguu ya gari, hiyo utainunua kila mwaka.” Alinikataza kufunga shokabu za Premio, wazo ambalo kila kijana wa gereji analo, kwa sababu linamnyanyua mnyama bila kumfundisha kutembea: gari linakaa juu, linayumba, na breki zile nzuri zinaanza kufanya kazi kwenye gari lisilojua limesimama wapi.

Maji nitayataja kwa ufupi kwa kuwa hakuna mjadala. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, na kila mkazi wa Kasese anajua mito ya Rwenzori inavyoteremsha mawe makubwa kuliko gari. Injini ya RS iko chini na inavuta hewa mbele. Maji yakifika kwenye bampa, geuza.

Fedha. Kwa mwendo wa heshima RS hula lita moja kwa kilomita 14 au 15, kwa hiyo safari ya siku, kwenda na kurudi, ni lita 8 hivi. Petroli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita, hiyo ni 40,000 kwa siku, na mwezi wa kazi unakaribia 900,000. Mwalimu wa shule ya msingi wa daraja la tatu hulipwa takriban 500,000. Ndiyo maana tangu Julai 2022, serikali ilipopandisha mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada hadi milioni 4 na kuwaacha wa sanaa karibu na milioni moja, mazungumzo ya magari katika vyumba vya walimu yamekuwa mazungumzo ya fizikia dhidi ya historia. Na Januari mwaka huo huo, madereva wa malori walipogomea malipo ya vipimo vya korona huko Malaba na Busia na matenki yakakwama, bei ilipanda karibu kila siku, na fizikia na historia wakapanda taksi moja.

Hakuna, basi, anayeendesha RS peke yake hadi Rukoki. Gari la mbio la watu wawili na mabegi yao linageuka kuwa chama. Wangu ni muuguzi, karani wa ardhi, na mama mmoja wa kitengo cha maji anayekaa mbele kwa haki ya umri. Wanachangia mafuta mwisho wa mwezi, na mchango huo una adabu zake: hautajwi kwenye gari, haudaiwi mbele ya mwingine, na aliyekosa huleta kitu. Ndiyo asili ya mazungumzo ya Ijumaa jioni pale Kikorongo.

“Mwalimu, nafasi iko ya mkungu mmoja?”

“Mama, mkungu ni wako au ni wa watu?”

“Ni wangu. Huo mwingine ndio wa watu.”

Buti ya RS haikukusudiwa matoke. Ukilaza migongo ya viti vya nyuma inameza mengi, lakini viti vya nyuma vina watu. Kwa hiyo mkungu hulala miguuni, ngege kutoka Katwe waliofungwa kwenye majani huning'inia dirishani kwa nje, na karani wa ardhi hukumbatia begi la mwenziwe. Uzito wote huo unakaa nyuma, taa za mbele zinaangalia vilele vya miti, na kila lori linalokuja linakupiga taa likidhani umewasha kubwa. Vitz RS nyingi zina kigurudumu kidogo kwenye dashibodi cha kuteremsha taa. Kitumie, wengi wanakiona mara ya kwanza siku ya kuuza.

Jambo moja zaidi kwa wanaovuka. Daraja la Lhubiriha linabadilisha upande wa kuendesha: huku kushoto, kule Kongo kulia. Ukiingia Kasindi na usukani wako wa kulia, kulipita lori unategemea macho ya aliyekaa kushoto kwako, na si kila abiria anastahili kazi hiyo. Mama wa kitengo cha maji anaiweza. Karani wa ardhi husema “Twende” kabla hajatazama.

Kuhusu kununua. Tangu sheria ya 2018, Uganda hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, na RS za toleo la pili zimeshafika kwenye ukingo huo. Zilizopo zitazunguka kati yetu, kutoka mkono hadi mkono, na wengi wa wauzaji ni watu wa mlimani au wa ziwani. Ipande barabara ya vumbi kwanza, si lami; lami huficha. Ingiza gia ya pili na ya tatu haraka haraka injini ikiwa baridi na usikilize kama zinasaga. Angalia kama matairi mawili ya mbele yameliwa upande mmoja. Kisha fungua buti, inua zulia, toa tairi la akiba, na upitishe mkono kwenye chuma cha chini yake. Gari lililobeba chumvi ya Katwe huwa na kutu hapo, ya rangi ya chungwa, inayovunjika kama biskuti, hata bodi yote nje ikiwa inang'aa. Muuzaji atakwambia lilikuwa la dada yake wa Kampala, aliyekuwa akienda nalo kanisani tu. Mwonyeshe kiganja, halafu ndiyo muanze kuzungumza bei.